Akaunti Iliyofunguliwa Kangemi

Bwana Kaindi aliingia kwenye lifti na simu mbili, moja kila sikio, akizifokea kwa zamu. Lifti ilikuwa ya jengo moja la vioo pale Westlands, na ndani yake, amejibana pembeni kama mtu aliyetumwa kukagua taa, alikuwamo Quincy.

Quincy hakuwa na ofisi katika jengo hilo, wala katika jengo lingine lolote. Alichokuwa nacho ni suti ya buluu, kadi ya plastiki shingoni ambayo mbele ilikuwa na picha yake na nyuma ilikuwa na tangazo la duka lililoichapa, na desturi ya kupanda na kushuka lifti za Westlands kila asubuhi akitega sikio. Wakubwa hudhani lifti ni chumba chao cha kulala. Siri wasizomwambia mke huzimwaga zote kabla ya orofa ya tisa.

"Tenti nyeusi, Joyline!" Kaindi alikuwa akilia kwenye simu ya kulia. "Bibi harusi ameshuka kwa gari pale Tigoni akapata tenti nyeusi imeandikwa 'Lala Salama'! Mama mkwe amezirai! Na wale wa mazishi? Hao mmewapelekea nini?" Akasikiliza. Akafumba macho. "Baluni."

Moyo wa Quincy uliruka, lakini uso wake ulivaa huzuni ya mzee wa kanisa aliyeitwa msibani.

"Pole sana, mkubwa," alisema. "Lakini usimlaumu huyo dada. Hiyo ni sistimu zenu zimenuniana."

"Zimefanya nini?"

"Zimenuniana. Oda za wateja ziko kivyao kwa imeli. Kalenda iko kivyake. Stoo iko kivyake. Hakuna mwenye anaongelesha mwenzake. Hata ndoa haiwezi kukaa hivyo."

Kaindi aliteremsha simu moja. "Na wewe ni nani?"

"Quincy wa Kifundo. Kazi yangu ni kupatanisha."

Mlango wa lifti ukafunguka orofa ya tisa. Kaindi hakushuka. Watu wenye pupa wana alama hiyo: wakifika kwao wakakuta kuna mtu anawaahidi kitu, huuacha mlango ujifunge.

Kifundo, ili haki itendeke, ilikuwa programu iliyofanya kazi kweli. Hapo ndipo uovu wake ulipokaa. Quincy aliinunua mtandaoni ikiwa tayari, kutoka kwa mtu asiyemjua uso, na kazi pekee aliyoifanya yeye ilikuwa kubandika jina. Mteja akiandika barua kuomba tenti na viti vya tarehe fulani, Kifundo iliisoma barua, ikaandika tarehe kwenye kalenda ya ofisi, ikavipunguza viti kwenye stoo. Kwa kazi hiyo ilihitaji kuona barua za oda, kalenda na stoo, basi. Quincy aliiagiza iombe nyumba nzima. Hata keateka anayetunza nyumba za kupanga hupewa ufunguo wa geti na wa tangi la maji. Hapewi wa chumba unacholala. Lakini Quincy alikuwa amegundua jambo kuhusu mameneja wa Nairobi: ukiwaomba ufunguo mmoja watakuuliza maswali, ukiwaomba wote kwa pamoja watakupa ili uharakishe.

Basi ofisi zikamrundikia. Kliniki ya meno kule Parklands ilimpa. Shule ya chekechea ilimpa. Kampuni ya kuhamisha watu nyumba ilimpa, ikamshukuru. Na ruhusa zote hizo ziliishia mahali pamoja, kwenye akaunti ya barua pepe ya Quincy. Akaunti hiyo ndiyo iliyokuwa mfuko wa funguo. Aliyeishika akaunti alizishika ofisi zote.

Ilikuwa akaunti ya zamani. Alifunguliwa huko Kangemi alipomaliza shule, siku za kutafuta kibarua, katika saiba ya Mama Nzula, chumba cha kompyuta za kulipia nyuma ya soko. Mama Nzula, ambaye jina lake hasa ni Syokau, alitoa kopi, alipiga picha za pasipoti, na alimfungulia akaunti kila kijana wa mtaa aliyeambiwa na mwajiri atume maombi kwa imeli. Quincy alipanga foleni, akataja jina lake, akapewa paswadi, akaenda zake. Hakuwahi kulifikiria jambo hilo tena. Siku hizi aliwaambia watu wa Westlands kwamba alikulia Lavington, karibu na ubalozi, bila kusema ubalozi wa nchi gani.

Ofisi ya Kaindi aliifikia Jumatatu asubuhi, na aliichagua Jumatatu kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo siku ya ibada ya ofisi. Aliwakuta wafanyakazi wamesimama duara kati ya meza, kuanzia madereva wa lori hadi mhasibu, na Joyline akiongoza wimbo kwa sauti ya mtu aliyesamehewa juzi tu. Kaindi alimkaribisha mgeni atoe ombi la kufunga.

Quincy aliinamisha kichwa.

"Baba," alisema, "wewe uliyepanga nyota na hakuna hata moja inayogonga mwenzake, panga na tenti za kampuni hii. Ondoa utengano kati ya kalenda na stoo. Na kila mlango uliofungwa, Baba, ufunguke."

"Amina!" wakaitikia madereva. Joyline alifuta jicho.

Kuna watu wanaopiga magoti alfajiri wakitafuta neno la kumwambia Mungu, na neno linakataa kuja. Quincy hakupata shida hiyo hata siku moja, kwa sababu hakuwa anaongea na Mungu. Alikuwa anaongea na Kaindi, na Kaindi alikuwa anasikiliza kwa macho mawili yaliyo wazi.

Ibada ilipokwisha, kompyuta ya Kaindi ikaunganishwa na ukuta mweupe ili wote waone ajabu itakayotendeka. Ukurasa wa ruhusa ukatokea, mrefu. Kifundo iliomba kusoma barua zote. Iliomba kutuma barua kwa jina la mwenye ofisi. Iliomba majina na namba za simu za wateja, mafaili ya wafanyakazi na karatasi zao za hospitali, na kuendelea kuona hayo yote hata mwenye ofisi akiwa amezima mashine. Chini kulikuwa na kibonye kikubwa cha kijani, "Ruhusu Zote," na kando yake maandishi ya kijivu, mepesi kama moshi, "Chagua moja moja."

Joyline alikunja uso. "Bosi, hapo imesema itatuma barua kwa jina lako. Tenti inatuma barua ya nini kwa jina lako?"

"Swali zuri, dada," Quincy alisema haraka. Watu wa kazi yake husema hivyo wakisikia swali wasilolitaka. "Hiyo ni lugha tu ya kompyuta."

"Na karatasi za hospitali? Si tungechagua tu hizo za oda—"

"Joyline," Kaindi alisema bila kugeuka, "ni wewe ulituma baluni kwa mazishi."

Kaindi akamvuta Quincy kwa kiwiko hadi dirishani, akashusha sauti.

"Hii kitu yako. Inaweza kunionyesha wanaandikiana nini?"

"Wateja?"

"Hawa." Alionyesha wafanyakazi wake kwa kidevu, wale wale aliokuwa ameshikana nao mikono wakati wa wimbo. "Wanasema nini juu yangu."

Quincy alishusha pumzi kama daktari mwenye habari ngumu. "Mkubwa, Kifundo inaweza kukuonyesha kila kitu. Lakini haiwezi kukuonyesha kitu haijaruhusiwa kuona."

Kaindi alirudi kwenye mashine kwa hatua za mtu anayekwenda madhabahuni. Akabonyeza kijani. Ukutani pakaandikwa "Asante," na madereva wakapiga makofi, wasijue kwamba wanapigia makofi barua zao, mishahara yao, na kile kidonda cha tumbo ambacho mmoja wao hakuwa amemwambia hata mkewe.

Wiki hiyo hiyo harusi ikapata tenti nyeupe na mazishi yakapata nyeusi. Kaindi alimsifu Quincy mbele ya wafanyabiashara wenzake, na jioni, badala ya kwenda nyumbani, alikaa akisoma yale ambayo wafanyakazi waliandikiana. Aligundua kwamba walimwita Baluni. Alikuwa amefungua ofisi yake yote kwa mtu wa lifti ili apate kujua hilo.

Mnunuzi aliitwa Dedan. Dedan hakuuza kitu kinachoonekana. Alinunua majina ya watu na shida zao, kisha akayapeleka kwa wauza mikopo, wauza bima na wauza mashamba ambayo hata mwenye shamba hakujua yanauzwa. Alikuwa mpole, mwenye sauti ndogo, na aliagiza maji ya moto tu.

"Orodha zipo nyingi Nairobi," alimwambia Quincy walipokutana mara ya kwanza. "Lakini yako ina watu wa mazishi. Mtu amefiwa leo, kesho anahitaji pesa. Hiyo ni orodha iko na joto."

Quincy alicheka. Tuseme ukweli, alicheka. Kisha akamtumia Dedan kipande cha kuonja, majina machache ya wafiwa kutoka kwa barua za Kaindi. Dedan alionja, akaridhika, akatoa pesa za kushikia, na pesa hizo zikageuka haraka kuwa gari la kukodi na viatu vipya vyenye ncha. Wakakubaliana kwamba Ijumaa, mchana, Quincy atakabidhi akaunti yenyewe, na ofisi zote zilizomo. Baada ya hapo Kifundo ingekuwa mzigo wa Dedan, na Quincy angekuwa mtu wa Mombasa kwa muda, mwenye miwani ya jua.

Ijumaa wakakutana kwenye mkahawa wa Westlands wenye miti ndani ya vyungu. Quincy aliagiza samaki mzima. Dedan akaagiza maji ya moto.

"Nitaingia kwanza," Dedan alisema, akitoa simu yake. "Nione na macho yangu."

"Ingia, ndugu yangu. Nyumba ni yako." Quincy akamtajia paswadi huku akinyofoa mwiba.

Dedan aliandika taratibu. Akasubiri. Akageuza simu ili Quincy asome: *Tumemuuliza mwenye akaunti kama ni yeye anayeingia. Tafadhali subiri.*

"Mwenye akaunti si ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi jiambie ndiyo."

Quincy alitoa simu yake mwenyewe akiwa tayari kujiambia ndiyo. Hakukuwa na mtu aliyekuwa amemuuliza kitu. Aliipapasa, akaitikisa, akaiangalia nyuma. Kwenye simu ya Dedan maandishi yakabadilika.

*Mwenye akaunti amesema: Hapana, si mimi.*

Kipande cha samaki kilisimama njiani. Kisha simu ya Quincy nayo ikalia, na kilichoandikwa humo kilikuwa kifupi: paswadi imebadilishwa, umeondolewa, kama unahitaji msaada angalia kifaa chako. Chini yake kikatajwa kifaa chenyewe, *MAMA NZULA KOPI NA PICHA*.

"Bwana Quincy," Dedan alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mwenye akaunti amesema hapana. Na wewe uko hapa mbele yangu, mdomo umejaa. Sasa ni nani amesema hapana?"

"Ni sistimu, ndugu. Imenuna kidogo."

"Mimi si Kaindi." Dedan alikunywa maji yake. "Jioni nitakuwa kwa hii meza. Nikikukosa hapa, nitakuwa kwingine. Pahali utakuwa."

Gari la kukodi lilimfikisha Kangemi upande wa Waiyaki Way na hapo likakoma, maana barabara ya kwenda saiba haikujengwa kwa magari. Quincy alipita kati ya marundo ya ndizi na sukuma wiki, viatu vyenye ncha vikizama kwenye maji ya kuoshea samaki, huku wanawake wa sokoni wakimtazama kama mtu wa kampeni.

"Si huyu ni Quincy wa kule nyuma ya posho mill, pale kwa kusaga unga?" mmoja alisema.

"Wachana na yeye. Siku hizi ni wa Lavington."

Saiba ilikuwa kama alivyoiacha: kompyuta tatu, mashine ya kopi inayokohoa, na kitambaa cha buluu cha kupigia picha. Mama Nzula alikuwa amesimama nyuma ya kaunta na makasi, akikata picha ndogo za mwanamke aliyeketi kwenye stuli. Quincy alimjua mwanamke huyo pia. Alikuwa Milcah, aliyekuwa akiuza mboga jirani na mama yake. Alivaa kitambaa cheusi kichwani.

"Mama Nzula, shikamoo," Quincy alisema, na tangu ahame Kangemi hakuwa amemwamkia mtu hivyo.

"Marahaba, baba. Umenenepa. Kaa kwa foleni."

"Mama, ni haraka. Kuna akaunti yangu—"

"Ya Quincy? Hiyo imelia hapa saa ya lanchi!" Alichukua tabuleti moja kuukuu iliyofungwa kwa mpira wa suruali, akaipangusa kwa kanga. "Inaniuliza, ni wewe unaingia ukiwa Westlands? Sasa mimi niko hapa, nampanga Milcah kidevu, nitakuwaje Westlands? Nikaiambia hapana. Ikasema badilisha paswadi. Nikabadilisha."

Quincy alishika kaunta. "Lakini kwa nini inakuuliza wewe?"

"Kwani itauliza nani? Watu husahau paswadi, baba. Kila mtu nimemfungulia, naiacha imefunguka hapa. Akisahau anakuja, namsaidia. Nusu ya mtaa iko kwa hii tabuleti." Aliipapasa kwa upendo. "Na siku hizo hukuwa na simu, unakumbuka? Niliweka namba yangu."

Bingwa wa ruhusa za Westlands aliitazama tabuleti. Alikuwa amepita ofisi baada ya ofisi akikusanya funguo za watu wasiouliza nani anaona nini, akazitia zote kwenye mfuko, na mfuko wenyewe ulikuwa umelala hapa miaka yote, juu ya kaunta, kando ya chombo cha gundi. Hakuwahi kuuliza nani anaona nini.

"Vizuri, mama," alisema, akilazimisha tabasamu. "Sasa nipe hiyo paswadi mpya niende."

"Nitakupa. Lakini, Quincy, ulikuwa unaoa?"

"Mimi?"

"Niliona barua mingi ya tenti. Tenti, viti, tenti. Nikasema, huyu kijana anaoa na hata hajaalika mtaa." Kidole chake kilikuwa kikiteremka kwenye tabuleti. "Alafu nikaona ya mazishi. Na hii moja umetumia mtu anaitwa Dedan, umeandika 'kipande cha kuonja'. Nikafikiri ni keki." Kidole kikasimama. Akasogeza tabuleti karibu na macho. "Milcah. Hii si namba yako?"

Milcah aliinuka kwenye stuli, akaja, akasoma polepole. Foleni yote nayo ilisogea ikasoma juu ya bega lake, maana katika saiba ya Mama Nzula barua ya mtu mmoja husomwa na wote.

"Ni yangu," Milcah alisema. "Na hiyo ni siku tulimzika bwanangu Shem. Kanisa ndilo lilikodisha tenti." Alimgeukia Quincy. "Kuna watu walinipigia simu. Nilikuwa bado niko kaburini, Quincy. Wananijua jina. Wanamjua Shem. Wanasema pole mama, tunaweza kukukopesha. Kila siku wanapiga. Nilifikiri ni mtu wa kanisa ametoa namba yangu. Nimekaa bila kusalimia watu wa kanisa."

"Mama Milcah, hiyo ni sistimu," Quincy alisema.

"Sistimu ndiyo ilicheka na huyo Dedan? Hapa umeandika 'haha'," Milcah alisema.

Mashine ya kopi ilikohoa mara moja ikanyamaza. Milcah hakumpiga, hakumtukana; alimtazama jinsi mtu anavyotazama mboga iliyooza, akiamua tu mahali pa kuitupia, kisha akarudi kwenye stuli yake.

Nje jua lilikuwa limeanza kuinama, na Quincy alimwona Dedan akilini, mezani, na maji ya moto.

"Mama Nzula, tuongee kama watu wazima. Akaunti ni yangu. Ina jina langu. Nipe."

"Ina jina lako mbele," alikubali. "Lakini hebu tuulize yenyewe, tusikosane." Akabonyeza. "Inasema: mwenye akaunti alizaliwa lini? Sasa niliweka siku yangu, maana hukujua yako vizuri."

"Nilijua!"

"Ulisema Disemba ama Januari." Foleni ikacheka. "Sawa, kuna swali la siri. Jina la mnyama wako wa kwanza?"

Quincy alilamba midomo. "Simba?"

"Huyo ni mbwa. Mimi nilikuwa na mbuzi." Mama Nzula aliiweka tabuleti chini ya kaunta, mahali pa makasi na sabuni, na akaweka kiwiko juu. "Unaona, baba. Akaunti ni yangu. Wewe nilikuwa nimekuruhusu tu."

Quincy alibembeleza, akatisha, akapiga magoti, hata akaanza ombi kwa ile sauti yake nzuri ya Jumatatu. Mama Nzula alimwambia afunge mlango akitoka, vumbi linaingia kwenye mashine.

Kabla giza halijaingia alikuwa ameitoa laini kwenye simu, akaivunja kwa meno, akaitupa kwenye mtaro. Gari la kukodi aliliacha lilipokuwa. Dedan, aliyezoea kununua mahali watu walipo, kwa mara ya kwanza hakuwa na namba wala mahali pa kununua.

Mvua ndefu zilikuwa zimekuja na kwisha Quincy aliporudi kutoka Vihiga, kwa shangazi yake, ambako alichunga ng'ombe akiwa na suti hadi magoti yakatoboka. Aliingia Kangemi usiku, na asubuhi akaenda saiba, kwa kuwa alisikia kuna kazi ya askari wa geti katika jengo moja la Westlands: kusimama mlangoni, kuuliza kila mtu anakwenda kwa nani na kufanya nini, na kumzuia asiyeweza kujibu. Maombi yatumwe kwa imeli.

Saiba ilikuwa imepakwa rangi. Mama Nzula aliingia muda huo huo akitoka mjini, amevaa suti ya kanisa ya zambarau, na shingoni ananing'iniza kadi ya plastiki. Kadi yake nyuma haikuwa na tangazo.

"Umetoka wapi hivyo, mama?" Quincy aliuliza.

"Kwa Kaindi. Leo ni Jumatatu, si kuna ibada?" Alivua viatu, akakanda vidole. "Ile siku ulitoroka nilikaa nikafikiria hao watu wako. Nikaenda na tabuleti. Nikamsalimia Kaindi kwa Kikamba, nikamwonyesha karatasi za hospitali za madereva wake. Akakaa chini. Nikamwambia, hii nimeipata Kangemi kwa kaunta ya kopi. Akaniuliza, mama, unaweza kuitoa? Nikamwambia ni kazi ngumu."

"Ni ngumu?"

"Ni kubonyeza mara moja. Hiyo sikumwambia." Foleni ilicheka, na hata Milcah, aliyekuja na mboga za Mama Nzula, alicheka kwa mkono mdomoni. "Sasa kila mwezi naenda, namwonyesha ni nani ameshika ufunguo gani. Ya tenti inaona tenti. Ya mshahara inaona mshahara. Wale wa meno pia wameniita, na wa chekechea. Namba ya Milcah nilifuta kwanza kabla ya zote."

"Na ulimwandikisha Kaindi mkataba?"

"Mrefu!"

"Akasoma?"

Mama Nzula alimtazama kwa huruma ya kweli. "Kaindi? Asome?"

Kisha alijifunga kanga juu ya suti ya zambarau, akaketi nyuma ya kaunta, akaifungua tabuleti ile ile, yenye mpira ule ule wa suruali.

"Haya, baba. Akaunti mpya. Jina?"

"Quincy."

"Umezaliwa lini?"

"Januari," alisema kwa uthabiti.

"Namba ya simu?"

Quincy aligusa mfuko wa suti. Simu ilikuwamo, lakini ndani yake hapakuwa na laini. Kila alipofikiria kusajili nyingine aliona kikombe cha maji ya moto. Nyuma yake foleni ilikuwa ikiguna asogee. Alitazama tabuleti, akatazama makasi, akatazama kitambaa cha buluu ukutani.

"Weka yako," alisema.

Mama Nzula alikuwa ameshaiandika.